Wageni Wanne wa Bafuni

3 Juni

Kwako dada,

Shikamoo. Ni mimi, yule unayemkatia simu. Sikulaumu, maana na mimi nimeshakukatia mara tatu. Tukisikiana sauti tu tunagombana, kwa hiyo nimeona afadhali tuandikiane. Barua huwezi kuikatiza katikati. Hujambo? Ule mguu uliokuwa unavimba umepona? Mimi mzima, ila mikono imechubuka kwa sabuni. Bado niko pale pale, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Shuka zinaingia chafu asubuhi, zinatoka safi jioni, na kesho yake ni zile zile tena. Wamenipandisha cheo, siku hizi nasimamia pipa la kuchemshia, ukitaka kuniamkia bosi ruksa.

Mwaka umetimia tangu mama atutoke. Nilifika siku moja baada ya mazishi, na ulichoniambia pale mlangoni, kwamba mwenye uchungu na mzazi wake hachelewi, bado nakisikia nikiwa kazini. Sikuandika ili tukirudie. Ninataka kitu kimoja tu: sweta lake la kijani, lile lililobaki na vifungo viwili, alilokuwa akivaa akienda kulisha kuku. Wewe una nyumba, una kitanda chake, una kuku wake. Mimi sina hata kitambaa. Nipe kama lilivyo, usilifue. Nimeanza kusahau harufu yake, dada, na hilo linanitisha kuliko nilivyotishika nilipoambiwa amekufa.

Nijibu, hata kama ni kunitukana.

Mdogo wako


11 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Mguu umepona, umebaki mdomo, na huo unaujua hauna dawa. Nimefurahi kuona mwandiko wako, bado unaandika kama mtu anayekimbizwa.

Sweta siwezi kukupa, na usinune kabla hujasikia sababu. Baada ya mazishi kuku wa mama walinikataa. Siku tatu nawaita, nawamwagia mahindi, wao wamesimama kule mwisho wa ua wananitazama tu. Siku ya nne kulikuwa na baridi, nikalichukua sweta lake nyuma ya mlango wa jikoni, nikalivaa, nikatoka. Walikuja mbio wote kumi na wanne. Karani, yule jogoo mzee anayetembea kama mkaguzi, alinipanda juu ya kiatu. Nililia pale pale na bakuli mkononi.

Tangu hapo siwaendei bila sweta, na sijalifua hata mara moja, kwa sababu hiyo hiyo unayoitaka wewe. Juzi jirani alichungulia alfajiri akaniona kwa nyuma, akaangusha ndoo yake ya maji. Alisema alidhani ni mama. Sikumwambia kwamba na mimi nikipita mbele ya kioo cha sebuleni nikiwa nimelivaa, huwa nasimama kidogo.

Linaloninyima raha ni kwamba wanazeeka. Unajua hawa wote ni uzao wa yule mtetea mmoja ambaye mama alikuja naye hapa alipoolewa. Mayai yamepungua, Karani hana nguvu tena, na walioatamia mara ya mwisho waliishia na mayai viza. Wakiisha hawa, mama ameisha. Nikipata vifaranga wapya ambao hawakumjua, watanizoea mimi kama nilivyo, na siku hiyo sweta nitakutumia bila kufuliwa. Hiyo ni ahadi.

Dada yako


20 Juni

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo sana. Barua yako nimeisoma mara nne, mara ya nne nikiwa nimekaa juu ya lundo la shuka chafu, mpaka mwenzangu akaniuliza kama nimepata mchumba. Uzima upo, tumshukuru Mungu.

Anayekupa barua hii ni dereva wa lori la saruji, na tenga aliloshika ni lako. Ndani mna mitetea watatu na jogoo mmoja kijana, mwekundu, mwenye kiburi. Nimewanunua sokoni mwenyewe. Muuzaji ameapa kwamba wamechanjwa. Wamelala chumbani kwangu usiku mmoja, wakanifanya nijisikie kama niko nyumbani. Wape nafasi damu yao ichanganyike na ya kina Karani, uzao wa mama uendelee. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, kwa hiyo nimewafunga vipande vya shuka kuukuu miguuni ili uwatambue.

Ila usiwachanganye kwanza. Unamkumbuka mama, kuku akija kutoka nje anakaa bafuni wiki nne, hata awe zawadi ya mkwe. Na huku hospitali ni hivyo hivyo, anayeshukiwa ugonjwa wa kuambukiza hawekwi na wengine. Ukitoka kwao badili viatu, nawa mikono kwa sabuni, na vyombo vyao viwe mbali. Nisamehe kwa kukufundisha kazi unayoijua.

Mdogo wako


27 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Wageni wamefika salama, isipokuwa dereva ambaye analalamika kwamba jogoo wako alimwimbia njia nzima. Mimi sijambo, na leo nimecheka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, kwa hiyo asante.

Nimewaweka kwenye bafu la mama. Tangu aondoke hakuna aliyeoga mle. Asubuhi nasikia kitu kinagonga ndoo, na kabla sijajizuia nimeshasema, "Mama, umeamka?" Kisha nakumbuka ni kuku, naona aibu peke yangu.

Usiwe na wasiwasi kuhusu utaratibu. Nina mabuti ya marehemu baba ya kuingilia bafuni tu, na ndala za uani. Vyombo vyao havitoki mle. Mikono nanawa mpaka inakaribia kufanana na yako. Mwanzoni walikuwa na hofu, wanajirusha ukutani na hawali, hata nikaogopa watakufa kwa woga. Nikajaribu dawa ya mama. Nilipoingia na sweta nikakaa chini nao kidogo, wakatulia, wakala mkononi mwangu. Huyo mtetea mweupe ananilalia mapajani. Kwa hiyo siku hizi kukicha naanza kwao, kisha nabadili viatu, nanawa, natoka uani kwa wenyeji. Kuku wote wa nyumba hii sasa wana mama mmoja.

Dada yako


6 Julai

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Huku si kuzuri sana. Jogoo wako alianza Ijumaa, mbawa zimeshuka, anahara kijani, anavuta pumzi mdomo wazi. Jumapili alikufa. Mitetea wawili wamemfuata, yule mweupe nikiwa nimempakata. Amebaki mmoja, naye shingo yake inapinda kuelekea nyuma. Jirani anasema huo ni mdondo.

Huyo muuzaji ulimwuliza walichanjwa lini? Wa uani ni wazima, wanakula. Nashukuru tulifuata masharti.

Dada yako


10 Julai

Dada,

Shikamoo. Sijui niulize hali yako au hali yao. Nimerudi sokoni jana, yule mtu hayupo. Wenzake wamenicheka kidogo, kisha wakanionea huruma. Wanasema kuku wake walikuwa wameanza kufa nyumbani, akawaleta wazima waliobaki awauze kabla hawajaonyesha dalili. Mimi nilimwuliza kama wamechanjwa, akaapa, nikakuandikia wewe kana kwamba nimeona kwa macho yangu. Kuku wale siku ile walikuwa wazima, macho yanang'aa. Sikujua kwamba ugonjwa unaweza kukaa ndani ya kitu kizuri namna ile siku kadhaa, ukisubiri.

Wa mama wasisogelewe na mtu aliyeingia bafuni. Mwombe jirani awalishe. Niambie tu kwamba wao ni wazima.

Mdogo wako


17 Julai

Wamekwisha. Karani amekufa jana, wa mwisho. Walianza siku ile ile nilipokutumia barua, wawili, kisha wanne kwa siku moja. Walikuwa wakija mpaka kizingiti cha jikoni kufia hapo, na shingo zimegeuka nyuma kana kwamba kuna mtu anawaita. Nimechimba shimo moja nyuma ya banda, nikawapanga, nikamwagia chokaa, mwenyewe.

Mama aliwaweka kuku hawa miaka arobaini. Wewe umewamaliza kwa tenga moja. Mazishi yake hukuyawahi, basi angalau haya ungekuja kuyaona, maana umemuua mara ya pili.

Usiniandikie.


30 Agosti

Mdogo wangu,

Hujambo? Najua nilikukataza kuandika. Sikujua utanitii, hukuwahi kunitii tangu utotoni.

Nimekwangua banda mpaka kwenye udongo mgumu, nimechoma maranda na fito zote, nimepaka chokaa. Daktari wa mifugo, yule aliyekuwa akimchanjia mama kila baada ya miezi mitatu, kasema nisiingize kuku mwingine mpaka miezi ipite. Banda ni jeupe na tupu. Lakini jua likizama nasikia kucha zao zikipanda kwenye fito ambazo nimezichoma mwenyewe. Nasikia wakisukumana, yule anayenung'unika, yule anayechelewa. Nahesabu mpaka kumi na wanne kisha kunanyamaza. Sitaki kumweleza mtu wa hapa, wataniona nimeingiwa na kitu. Na asubuhi nikifungua mlango wa jikoni bado nanyanyua mguu taratibu ili nisimkanyage yeyote.

Yule mgeni wako mmoja hakufa. Shingo imebaki imepinda, anatembea uani peke yake akitazama mawinguni. Daktari anasema ni heri kumchinja. Sijaweza. Ananifuata kila ninapokwenda, na kila nikimtazama nina neno la kukwambia ambalo bado siliandiki.

Niandikie. Hata mstari mmoja kwamba uko hai.

Dada yako


12 Novemba

Mdogo wangu,

Dereva wa lori ameniambia amekuona, umekonda, na ulipomwona uliingia ndani. Kwa hiyo u hai. La kuvunda halina ubani, na hili nimelifukizia ubani miezi minne bila faida. Nakuomba ukae chini usome.

Kuku wako hawakuvuka mlango wa bafu. Wale watatu walitoka mle wakiwa ndani ya gunia, moja kwa moja shimoni, na yule wa nne sikumtoa mpaka wa uani walipokuwa wamekwisha wote. Hakuna kuku wa mama aliyewaona hata kwa mbali. Mimi ndiye niliyevuka. Nilibadili viatu, nilinawa mikono, kisha nikatoka uani nimevaa sweta lile lile ambalo mgonjwa alilikoholea na kulala juu yake.

Daktari alipokuja aliniuliza mambo mengi, viatu, vyombo, maji, na kila jibu langu alilisifu. Alisema kosa la kwanza ni la chanjo, kwamba tangu marehemu aondoke hakuna aliyemwita, na ni kweli, sikumwita. Kisha akanitazama kifuani.

"Na hilo sweta," akasema, "ulilivaa pande zote mbili?"

Nikamwambia ndiyo. Akauliza limefuliwa lini. Nikamwambia halijafuliwa tangu mama aondoke. Yule mzee hakunigombeza. Alivua kofia yake akakung'uta vumbi ambalo halikuwepo, akasema ugonjwa ule ukiingia kwenye uzi na manyoya unakaa, na kwamba sabuni na maji ya moto tu vingetosha.

Nililitia kwenye sufuria kubwa, nikalichemsha. Harufu yake ilipanda na mvuke ikajaa jikoni kwa dakika chache, mdogo wangu, mama mzima, na sabuni yake, na moshi, na jasho lake la asubuhi, na sikuweza kulitoa wala kuzima moto. Kisha ikaisha. Lililobaki ni sweta la kijani la mtu yeyote.

Hukumuua mama. Si mara ya kwanza wala ya pili. Nisamehe kama unaweza.

Dada yako


24 Novemba

Dada,

Nimepata barua yako. Nimeisoma kwenye pipa, kwa sababu mvuke wa pale mtu akitoka na macho mekundu hakuna anayeuliza.

Miezi minne nimeishi kama mtu aliyeua. Sijala kuku, sijala yai. Nikiinamisha kichwa kuingiza shuka nasikia lile tenga likikwaruza sakafu ya chumba changu. Nilihama pale, nikapanga kwingine, na huko nako linakwaruza.

Sasa na mimi nina langu. Mimi kazi yangu ni nguo za wagonjwa. Zinazotoka wodi ya kuambukiza zinakuja ndani ya mfuko wake maalumu, na hatuzigusi mpaka zichemke. Uliponiandikia kwamba unawaendea na sweta, kisha unatoka nalo kwa wenyeji, niliona. Sikuhitaji daktari. Nilichukua kalamu siku hiyo hiyo nikuambie ulifue. Halafu nikakumbuka ahadi yako kwamba utanitumia bila kufuliwa, na nikajiambia, mbona kuku wana afya, wiki nne si nyingi. Nikaiweka kalamu chini. Hata walipoanza kufa wale wa bafuni nilikwambia usiwasogelee, sikutaja sweta. Nilitaka harufu ile inifikie. Kwa hiyo si wewe peke yako uliyelivaa.

Nilipokubali kwamba nimewaua, nilikuwa nakubali hilo. Ndiyo maana sikujibu. Lakini wewe hukulijua hilo langu, na hata hivyo uliniandikia uliyoniandikia.

Nina swali moja, na silitaki jibu refu. Barua yako ya tarehe kumi na saba Julai, uliyosema nimemuua mara ya pili. Ulipoiandika, daktari alikuwa ameshakuja?

Mdogo wako


1 Desemba

Mdogo wangu,

Umeuliza moja, nalijibu hilo kwanza. Alikuwa ameshakuja. Alikuja Jumamosi, akaniambia niliyokueleza, na barua nikaiandika Jumatatu. Nilijua.

Siku mbili nilikaa nalo humu ndani na banda liko kimya. Karani alikuwa bado hai Jumapili asubuhi, amesimama peke yake uani, hali, ananitazama nikiwa sina sweta, na hakunijua. Nilipomfukia niliona siwezi kuwa mimi niliyefanya vile. Ilibidi awe mtu mwingine. Nikakuchagua wewe kwa sababu uko mbali, na kwa sababu ulikuwa umeshazoea kulaumiwa, na aliyekuzoesha ni mimi. Kalamu yako uliiweka chini kwa sababu unampenda mama. Mimi yangu niliishika nikijua ninachofanya. Usiyapime pamoja.

Kuna jingine ambalo hukuniuliza, na nikilinyamazia leo sitaliandika tena. Siku ile mama alipofariki ulipiga simu ukiwa njiani, ukasema basi limeharibika, utafika asubuhi. Shangazi alisema tukungoje. Watu wote walikubali, hata wachimbaji walikaa chini kupumzika. Mimi ndiye niliyekataa. Nilisema wewe ulituacha, nami ndiye niliyemlea na kumwogesha miaka yote ile, na nilitaka awe wangu peke yangu mpaka mwisho. Walikuwa tayari kukungoja mpaka kesho yake. Niliwaambia wamfukie, kisha asubuhi nikasimama mlangoni nikakwambia umechelewa.

Dada yako